Maji Yanaenda Wapi?

Kati ya Beni na Butembo ni kilomita 54 hivi, lakini kwa mtu anayefua nguo, hizo ni nchi mbili. Beni iko chini, karibu na msitu, na joto lake ni la kweli: ukianika asubuhi, saa saba mchana unakunja. Butembo imepanda mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mstari wa ikweta unapita kusini kidogo tu ya mji, ila ukungu wetu hausomi ramani. Mvua za Septemba na Oktoba zikikolea, suruali ya jinzi hukaa kambani hadi inuke kama ghala la viazi.

Mke wangu ni wa Beni, na tangu aolewe huku hajaisamehe mvua ya Butembo. Tulipokuwa wachache alilalamika kwa staha. Kisha vita vikawatoa ndugu zake katika vijiji vya upande wa Beni, wakaja kwetu kama wengine walivyokwenda katika nyumba nyingi za mji huu: mama mkwe, wadogo zake wa kike, na watoto wa shule. Watoto wa shule maana yake ni bluu na nyeupe kila Jumatatu, na udongo mwekundu juu ya hiyo nyeupe ikifika Ijumaa. Shati la shule haliwezi kungoja jua la Januari.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Ni mfanyabiashara halisi wa Butembo, yaani mtu anayezijua njia za Dubai na Guangzhou kuliko za Kinshasa. Akiwa Dubai alituma kwenye simu picha za mashine tatu za kukausha nguo, chini yake akaandika: «Yaya, chagua.»

Jioni ile familia ikakaa kikao. Nilipewa kazi ya kusoma maelezo kwa kuwa mimi ndiye mwenye miwani. Mashine ya kwanza, ya bei ndogo, huvuta hewa ya chumbani, huipasha joto kwa waya wa moto, huipitisha katika nguo, halafu huitupa nje pamoja na mvuke kwa bomba nene. Ya pili haina bomba: mvuke hupozwa humo humo ukawa maji, yakajaa kwenye chombo ambacho unakimwaga mwenyewe. Ya tatu, ghali kupita zote, ina kompresa kama ya friji.

Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua maharage. Akauliza: «Hii maji iko inaenda wapi?»

Hakuna aliyemjibu. Mke wangu alikuwa anatazama rangi, shemeji anataja bei kwa simu, na watoto wanabishana nani atabonyeza kitufe. Lakini biashara nzima ya kukausha nguo imo katika swali lile. Kilo saba za pamba, hata zikikamuliwa na mashine nzuri, bado zina lita nne hivi za maji. Zikikamuliwa na mikono ya binti anayewahi misa, zina zaidi. Kugeuza lita moja kuwa mvuke hutaka karibu theluthi mbili za kilowati-saa, na kwa bei hiyo maji hayapatani na mtu. Mashine ya kwanza na ya pili hulipa yote kwa umeme, ndiyo maana humeza wati 2,000 hadi 2,500. Ya tatu ina ujanja: mvuke unapogeuka tena kuwa maji huacha joto, nayo hulikamata joto hilo na kulirudisha kwenye nguo. Kwa hiyo humaliza kazi kwa nusu ya umeme au chini yake, ingawa huchukua muda mrefu zaidi. Uswisi ilibakiza aina hiyo peke yake madukani tangu 2012, na Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo kwa mashine mpya kuanzia Julai 1, 2025. Zile za zamani walizonazo watu wa huko zitatafuta pa kwenda. Shemeji anapajua.

Ikaja ya kwanza, ya bomba, iliyokwisha kutumika. Shemeji alikuwa na nafasi kwenye kontena, na dada yake alikuwa amechoka kungoja. Ikashuka Mombasa, ikavuka Uganda, ikaingia Kasindi, ikapanda milima hadi kwetu. Bomba halikufika. Lilibaki mahali fulani kati ya bahari na mpaka.

Fundi wa umeme aliigeuza, akasoma kibao cha nyuma: wati 2,500. Akagawanya kwa 220, akapata zaidi ya ampea 11. Kisha akautazama waya unaoingia nyumbani, na ukimya wake ukawa mrefu. «Papa, mukiwasha hii kitu magaribi, kartie yote italala giza.» Shemeji akamwambia ana wivu.

Magharibi tukaiwasha. Disjonkteri ikaruka. Tukairudisha, ikaruka tena, na jirani akaita juu ya ua kuuliza kama tunachomelea vyuma. Shemeji akaleta jenereta yake ya wati 950, akisema shida ni kuraa ya mji wala si mashine. Jenereta ilikohoa kidogo na kunyamaza.

Usiku wa manane, mji umelala na umeme una nguvu, mashine ikakubali. Wadogo wa mke wangu wakapiga makofi. Mashati ya shule yakatoka makavu, moto, yamenyooka nusu, na kwa saa moja shemeji alikuwa mtu mkubwa katika nyumba yangu. Alipoweka mzigo wa pili ndipo niliposhindwa kuiona saa ya ukutani. Vioo vya madirisha vilikuwa vinachuruzika. Dari ya tripleksi, iliyopakwa rangi kwa ajili ya Noeli, ilikuwa imefanya tumbo.

Mama mkwe akatoka chumbani na kitenge mabegani, akatazama juu.

«Sasa minaona fasi maji inaenda.»

Kipande cha dari kikaanguka juu ya meza, juu ya yale mashati makavu.

Watoto hawakukosa shule. Alfajiri mama mkwe alifua tena, akaweka jiko la makala barazani, akatundika mashati juu yake kwa umbali wa kutosha. Mwaka 1892 Mmarekani mweusi wa Dayton, Ohio, George T. Sampson, alipewa hataza kwa kifaa cha kutundika nguo karibu na joto la jiko. Mama mkwe hamjui na hamhitaji. Nasema barazani kwa makusudi. Jiko la makala ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo huua watu usingizini. Mwisho akapiga pasi ya makala, mbele na nyuma, hadi mishono. Hiyo ni adabu ya Beni: kule kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini. Pasi ya moto humaliza habari yake.

Leo tuna mashine ya kufulia ya mapipa mawili. Pipa la pili hukamua kwa kuzungusha, kwa wati mia chache na dakika chache. Kamba zetu ziko chini ya mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, pande mbili wazi kwa upepo. Shemeji aliuza ile mashine yake huko Kasindi, ambako jua hukausha samaki bure. Sijamuuliza alimwambia nini mnunuzi.

Ukiwa na umeme usioyumba na fedha, nunua ile ya kompresa. Ikishuka kwenye lori iache imesimama wima saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Ya chombo cha maji haikupi nafuu yoyote ya umeme. Ya bomba usiiguse kabla hujatoboa ukuta wa nje. Na kabla hujatoa dola hata moja, geuza mashine, soma kibao, gawanya wati kwa 220, kisha muulize fundi wako kama waya wa nyumba unazibeba hizo ampea. Akinyamaza kwa muda mrefu, nunua kamba.