Utetezi wa Watu wa Valencia

Wako wapaazao sauti kuwalaumu watu wa Valencia, huko Hispania, kwa ubadhirifu. Nami, niliyeishuhudia sherehe yao ya Fallas kwa macho yangu na, zaidi ya hayo, kwa masikio yangu, naona ni wajibu wangu kuwatetea. Ni taadhima ipi impasayo Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa maseremala, kuliko kuunda masanamu marefu kama minara kwa muda wa mwaka, kisha usiku wa sikukuu yake, tarehe 19 Machi, kuyatia moto, huku wazimamoto wakizimwagia maji nyumba za jirani? Wala si watu wasio na huruma: vinyago viwili husamehewa kwa kura. Fataki zao, kinyume cha zetu tunazozifuja gizani, huripuliwa saa nane mchana, jua likiwaka, ili jicho lipate likizo na sikio lifanye kazi ya viungo viwili. Saa mbili asubuhi tarumbeta na baruti hupita chini ya madirisha kumwamsha mgeni, ihsani isiyo kifani kwa mtu ambaye hakuwa amelala. Mwenye hoteli naye, kwa uadilifu wake, alinitoza gharama za kulala siku nne.