Zulia la nyasi na maji ya kubeba

Udongo wa Bulengera, huku kwetu Butembo, ni mwekundu na hauna adabu. Mvua ikinyesha, unaingia nyumbani kwa viatu. Jua likikaza, Januari na Februari au Juni na Julai, unaingia kwa upepo, na kila pikipiki inayopita barabarani inaumwaga juu ya ua. Mke wangu alitaka watoto wacheze mlangoni bila kurudi saloni na miguu myekundu. Basi tukanunua nyasi za plastiki, zile zinazouzwa kwa mita mjini Butembo, zinazotoka China kwa meli hadi Mombasa, zikavuka Uganda kwa lori na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi.

Tuliuliza zulia hilo lisafishwe mara ngapi. Muuzaji alisema mara moja kwa mwaka inatosha. Jirani aliyewahi kukaa Kampala alisema kila wiki, kwa maji mengi na sabuni. Hakuna hata mmoja aliyetuuliza maji yanatoka wapi.

Nyumbani kwetu maji yanatoka kwenye chemchemi bondeni, katika bidoni za lita 20, mgongoni mwa binti zetu. Kuosha zulia lile kwa namna ya jirani kulimeza bidoni kadhaa kila Jumamosi, na mabinti wakawa wanapanda kile kilima tena na tena huku madaftari yao yamelala mezani. Hilo lilimuuma mke wangu kuliko vumbi lenyewe. Akaamua: kufagia kila asubuhi, maji mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi, na msimu wa mvua mbingu ifanye kazi yake.

Uamuzi ulikuwa mzuri, na ungedumu kama chini kungekuwa sawa. Zulia la namna hii lina nyuzi za plastiki juu na kitambaa kizito chini, na kitambaa hicho kina matundu madogo ya kupitisha maji. Fundi alilitandika moja kwa moja juu ya udongo ulioshindiliwa. Udongo wetu ukishindiliwa haunywi maji haraka. Mvua ilipita kwenye matundu ikakuta mlango umefungwa. Vumbi nalo likayaziba matundu kutoka juu. Ukikanyaga siku mbili baada ya mvua, maji yalipanda kati ya vidole.

Kisha vita vikatuletea wageni. Waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, watu walipanda kaskazini kwa makundi kupitia Kirumba na Lubero, na wengi waliishia Butembo. Shangazi yangu alifika na magodoro mawili, wajukuu, na sungura wake ndani ya kikapu. Shamba lilibaki, mbuzi walibaki. Sungura ndio mali pekee aliyookoa, na hakuna mtu nyumbani ambaye angemwambia awaweke mbali. Walikaa chini ya baraza, juu ya nyasi.

Mkojo wa sungura ni mkali. Ukikauka, maji yake yanakwenda na hewa lakini chumvi zake zinabaki kwenye nyuzi, na mvua ya kwanza inaiamsha harufu upya. Ndiyo maana tulikuwa tunashangaa kwamba zulia linanuka zaidi likilowa. Pia mkojo huo una chokaa nyingi. Pale walipopenda kujikusanya, karibu na nguzo ya baraza, nyuzi za kijani ziligeuka nyeupe, zikashikana, na fagio lilipopita lilitoa sauti ya kukwaruza. Sabuni haikufanya kitu.

Siki ilifanya. Mke wangu alichanganya siki na maji nusu kwa nusu, akamwaga juu ya ule ukoko, na papo hapo vipovu vikaanza kutoka, kwa sababu siki inaila chokaa. Akauacha ulowe, akaingia ndani kutafuta brashi.

Shangazi alimwona akihangaika, akataka kumsaidia. Sasa, lazima mtu aelewe klori ni nini kwa watu wa huku. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na mwanzoni mwa 2019 Butembo na Katwa ndiko ilikowaka zaidi. Ilipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Kwa muda wote huo tuliishi na ndoo yenye bomba mlangoni: klori ya asilimia 0.05 kwa mikono, ya asilimia 0.5 kwa sakafu. Shangazi alinawa kwenye kila kizuizi alipokuja kuuza maharagwe sokoni. Kwake klori ni kinga, ni upendo. Alichota kutoka chupa ya akiba iliyokuwa jikoni, akaikoroga kali, akaimwaga palepale penye siki.

Klori ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu. Ikikutana na mkojo hutoa nyingine inayochoma vilevile. Pale chini ya baraza vyote vitatu vilikutana. Mke wangu alisikia kikohozi kabla ya kusikia harufu. Wajukuu wawili walikuwa wamekaa na sungura, macho yakitiririka, akawabeba mmoja kila mkono hadi barabarani, akipiga kelele, "Mama, toka hapo! Toka!" Shangazi akatoka akiwa ameshika kifua. Tulishukuru kwamba ilikuwa nje na upepo ulikuwepo. Ndani ya chumba ningekuwa naandika habari nyingine. Kwenye kituo cha afya watoto walichunguzwa, wakaruhusiwa jioni. Sungura mmoja alikufa.

Usiku ule Shangazi hakula. Alisema, "Mwanangu, nimewatoa kwenye risasi nikawaletea sumu." Mke wangu alimshika mkono, akamwambia, "Mama, sisi sote tulifundishwa kumwaga klori. Nani alitufundisha isichanganywe na nini?" Nadhani swali lake ni la haki, na linastahili kuulizwa kila mahali ambapo chupa hizo bado zimo jikoni.

Tulilingʼoa zulia. Udongo wa chini ulikuwa mweusi na unateleza. Fundi mwingine alichimba, akaweka kokoto, akainamisha uso kuelekea mfereji, kisha akalirudisha. Banda la sungura limeinuliwa kwa miti nyuma ya jiko, na mkojo wao unashuka kwenye migomba, ambayo inaufurahia.

Sasa tunafagia kila asubuhi kwa fagio gumu lisilo la waya, tukielekea kinyume na ulalo wa nyuzi ili zisimame. Uchafu wa mnyama au mtoto unaoshwa saa ileile, kwa jagi moja. Kiangazi, maji ya zulia zima ni mara moja kwa mwezi, na ni yale yaliyokwisha kusuuza nguo. Siki ikitumika, inasuuzwa mpaka harufu iishe. Mbabula, jiko letu la makaa, haikanyagi pale, maana kaa moja la makaa linatosha kuyeyusha nyuzi. Klori imefungiwa kabatini, na Shangazi ndiye anayeshika ufunguo.

Mabinti wanateremka chemchemini mara moja asubuhi, kisha wanakwenda shule.