Mwongozo wa Rumba kwa Mgeni wa Uvira: Usiinuke Kabla ya Sebene

Ukialikwa harusini hapa Uvira, mtaani Mulongwe au Kavimvira, utakula samaki na kushiba, kisha rumba itaanza. Hapo ndipo wageni wengi huharibu. Gitaa halijalia mara tatu, mtu keshasimama, mikono juu, kiuno kinazunguka. Kaa chini, ndugu yangu. Zamu yako bado.

Rumba ya Kongo ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni ya maneno. Waimbaji wawili watatu wanapokezana na kuunganisha sauti, mwendo ni wa taratibu, habari ni za mapenzi na kusalitiwa. Hii huchezwa wawili wawili, au husikilizwa umekaa. Kama Lingala huijui, usitikise kichwa mithili ya mtu aliyeelewa. Muulize mama aliyekaa karibu nawe. Atakufasiria kwa Kiswahili, tena atakuongezea na hukumu yake juu ya mwanamume anayelalamikiwa.

Ya pili ndiyo sebene. Maneno yanakatika, ngoma zinakaza mwendo, gitaa linashika kipande kifupi na kukirudia huku likikigeuzageuza, na atalaku anaanza kupaza vilio vya kuchezesha watu. Bendi ya Zaïko Langa Langa, iliyoundwa Kinshasa mwaka 1969, ndiyo iliyompa atalaku nafasi yake mbele ya jukwaa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sasa inuka, cheza mpaka shati lilowe.

Ila kabla hujalowa, jifunze magitaa, maana mjini kwetu utapimwa kwa hayo. Solo ndilo linalopaa juu, kila mtoto analijua. Besi utalisikia kifuani. Mi-solo liko katikati ya solo na akompanyema, yaani gitaa linaloshikilia mdundo, likijaza nafasi zilizoachwa. Akompanyema ndilo la kuanza nalo, nalo ndilo lisilosifiwa na mtu. Chukua wimbo mmoja wa African Jazz, bendi ya Joseph Kabasele. Wote watakwambia msikilize Nico Kasanda, yule Docteur Nico, na kweli vidole vyake vilikuwa vya ajabu. Wewe usimfuate. Mfuate anayepiga nyuma yake: kaka yake, Charles Mwamba, aliyeitwa Déchaud. Anarudia mchoro uleule, hatikisiki, na kwa sababu hatikisiki mdogo wake anaweza kuruka atakavyo na kurudi bila kupotea. Rudia wimbo huo mpaka uweze kuimba akompanyema peke yake, kwa mdomo, huku solo likiendelea kukushawishi. Ni kazi ngumu. Ukiiweza, hutadanganywa tena na bendi yenye kelele.

Kisha jifunze kuhesabu. Katika kumbi za Chennai, kusini mwa India, wasikilizaji wa muziki wa Karnatiki huhesabu tala, yaani mzunguko wa mapigo, kwa mkono hadharani, wakipiga paja na kukunja vidole. Adi tala ina mapigo 8, nao hawayapotezi hata mwimbaji akitangatanga namna gani ndani ya raga, yaani mpangilio wa sauti za wimbo. Sisi tuna klave: mapigo matatu, kisha mawili. Yapige mezani kwa kidole, polepole. Ikikupotea, ngoja izunguke tena uingie upya.

Limebaki libanga, yaani jina la mtu linalotajwa ndani ya wimbo kwa kumtukuza, mara nyingi kwa malipo. Usinunue lako harusini. Siku ile majina ya kutajwa ni mawili tu, la bwana na la bibi harusi.

Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo. Heshima hiyo haijajaza mfuko wa mpiga gitaa wa harusini. Kwa hiyo ukiinuka kwenda kutuza, mpite mwimbaji, mpite wa solo, nenda moja kwa moja kwa yule wa akompanyema aliyesimama nyuma, umtuze yeye kwanza.