Namna ya Kuinua Pikapu Kuukuu Hadi Mama Mkwe Ashindwe Kuipanda

Mwenye Hilux ya miaka ya tisini pale Mkolani, Mwanza, ana shida moja kubwa: gari lake linafanya kazi. Linawaka asubuhi, linafuata magunia ya mpunga Misungwi, linarudi. Hakuna anayegeuza shingo kulitazama. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo, aliyechoka kuwa na gari linalofaa na sasa anataka linaloonekana.

Hatua ya kwanza: Andaa sababu

Mkeo atauliza, na kikoba kilichokukopesha kitauliza zaidi. Zamani ungesema bampa linakwaruzwa kila unapoingia kivukoni Kigongo kwenda Busisi. Bahati mbaya, tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu za barabara laini juu ya maji, na sababu hiyo imekufa kifo cha maendeleo. Kutoka mjini hadi Buhongwa nako ni lami.

Basi sema mawe. Mwanza ni jiji la mawe na hakuna atakayekubishia. Usitaje tu kwamba njia za mawe za Mabatini na Igogo hupandwa kila siku na bodaboda, na kwamba huko vijijini mchomoko, Probox ileile iliyotoka Japani kubeba vifurushi, hukupita ikiwa na abiria hadi kwenye buti.

Ukibanwa sana, taja Chad. Mwaka 1987 jeshi la nchi hiyo liliwafurusha Walibya likiwa juu ya pikapu za Toyota, hata vita vyenyewe vikaitwa Vita vya Toyota. Usiongeze kwamba wenzako wale walifunga makombora, si vyuma vya kuinulia gari.

Hatua ya pili: Taja kimo kabla ya kuchungulia uvungu

Mtu makini huanza kwa kulala chini ya gari. Hilux za aina ya LN106, zilizoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya themanini, zina eksele nzima mbele na springi bapa mbele na nyuma. Nyingine zina miguu ya mbele inayojitegemea, ikishikiliwa na tosheni baa. Kila moja ina namna yake ya kuinuliwa. Wewe usijichafue. Mwambie fundi, "Inchi nne," kwa sauti ya mtu anayeagiza mishikaki. Watengenezaji makini wa springi za safari, kama Old Man Emu wa Australia, kwa kawaida huishia karibu inchi mbili, lakini wao wana jina la kulinda.

Fundi atakupa njia tatu za bei nafuu.

Ya kwanza ni shakoli ndefu. Hapa kuna hesabu inayowashangaza wengi: shakoli ikirefushwa inchi nne, gari hupanda mbili tu, maana ni ncha moja ya springi iliyosogea. Ukizifunga mbele, pembe ya eksele hubadilika na stelingi huanza kutangatanga. Ukiwa Nyegezi mikono inakata kulia, gari bado linatafakari.

Ya pili ni vipande vya chuma kati ya springi na eksele. Nyuma hufungwa na wengi. Mbele visifungwe kabisa, kwa kuwa ukikanyaga breki kwa nguvu eksele hujaribu kujizungusha na kipande kinaweza kuchomoka. Sentensi hiyo haina kejeli.

Ya tatu ni kukaza bolti za tosheni baa. Spana moja, dakika chache, na gari limesimama kama jogoo. Ubaya wake ni kwamba springi haijaongezewa nafasi ya kucheza. Mguu umesukumwa hadi karibu na mwisho wake wa chini, hivyo kila gurudumu likitumbukia shimoni utasikia chuma kikigonga chuma.

Iko njia ya nne: seti kamili ya springi, shokapu ndefu na hosi za breki zinazofikia kimo kipya. Ni ghali na ni salama. Tuiruke.

Hatua ya tatu: Nunua matairi kwa macho

LN106 ilizoeleka kutoka na tairi la 205R16, lenye kimo cha karibu sentimita 74. Unalolitaka wewe ni la inchi 33, karibu sentimita 84, upana inchi 12 na nusu, kashata nene. Rimu zako hazitalikubali, kwa hiyo utanunua nyingine pana zinazotokeza nje ya madigadi na kuzielemea beringi. Likikwaruza ukikata kona, kata madigadi. Tairi la akiba halitaingia tena mahali pake chini ya bodi. Litakaa juu, pale lilipokuwa likikaa gunia la mpunga lenye kulipa mkopo.

Ukiwa kwa muuza mtumba, usisome ubavu wa tairi. Wasiojiamini ndio husoma. Hutafuta herufi DOT na kuangalia tarakimu nne za mwisho: 2316 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kisha hutafuta namba ya uzito: 112, kwa mfano, ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Wewe tazama weusi. Tairi limepakwa dawa linang'aa, nyufa zimejificha, muuzaji anakuita bosi. Nini zaidi?

Kuhusu upana, msikilize kila mtu isipokuwa mkulima. Mkulima wa Magu au Misungwi atakwambia kwamba kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua zikinyesha, tairi jembamba huchimba hadi kukuta ardhi ngumu na kushika, ilhali pana hubaki juu ya tope likizunguka. Matairi mapana ya upepo mdogo yalipata sifa kwenye theluji, ambako kuelea ndiko kunakotakiwa. Mwaka 2007 Hilux zilizotayarishwa na Arctic Trucks wa Iceland, zenye matairi ya inchi 38, ziliwafikisha watangazaji wawili wa Top Gear mahali ilipokuwa Ncha ya Kaskazini ya sumaku mwaka 1996. Theluji ikianguka Luchelele, utakuwa tayari.

Hatua ya nne: Kwepa hesabu

Hesabu ya difu ndiyo hatari kuliko zote, maana inaweza kukurudishia akili. Kwenye gari la eksele nzima, springi ndefu huinua chesisi, bodi, kiti na deni. Difu haipandi hata unywele, kwa sababu imefungwa kwenye eksele na eksele inakaa kwenye magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya kimo kilichoongezeka: sentimita kumi za tairi, sentimita tano za difu. Inchi zako nne za springi, lile jiwe la Igogo halizijui. Kwa springi peke yake litaigonga difu palepale lilipoigonga mwaka jana, isipokuwa sasa utausikia mlio ukiwa juu zaidi.

Halafu kuna spidi. Tairi limekua kwa asilimia 13, mshale haujaambiwa. Ukisoma 50 unakwenda zaidi ya 56, na tochi ya trafiki pale Mkuyuni haisomi dashibodi yako. Faida ni kwamba kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, hivyo gari litazeeka polepole kwenye karatasi na oili itachelewa kumwagwa.

Nguvu nayo imepungua bila kuibwa. Injini ya 3L, dizeli ya sentimita za ujazo 2,779, haikufikisha farasi 100 hata ikiwa mpya. Kwa tairi hilo kila gia imekuwa ndefu. Kilima cha Bugando utakipanda kwa gia ya kwanza, nyuma ya bajaji, ukitoa moshi unaoonekana kutoka Capri Point.

Zimebaki breki. Hilux nyingi zina vali nyuma inayopima uzito wa mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Bodi ikiinuliwa bila vali kurekebishwa, vali huamini gari ni tupu daima na kuzipunguzia nguvu breki za nyuma, hata ukiwa na tani moja ya saruji. Bima usiwaambie chochote. Siku ya ajali watakuja wenyewe na futi kamba.

Hatua ya tano: Kabiliana na ukoo

Mama mkwe amekuja kutoka Kwimba, yupo stendi ya Nyegezi na kuku wawili. Umeenda kumpokea kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sasa hapa mimi napandia wapi?"

"Kuna kingazi hapo chini, mama. Inua mguu kidogo."

"Kidogo!"

Desturi haikuruhusu kumshika kiuno umsukume. Kitenge nacho hakikushonwa kwa ajili ya kukwea. Wapiga debe wamekusanyika, kila mmoja na ushauri wake, mmoja ameleta kreti la soda.

"Baba," anasema mama kwa upole, "niitie bajaji."

Makuli nao watagundua kwamba bodi imepanda na gunia halijapungua uzito. Bei ya kupakia itapanda kwa inchi zilezile ulizomtajia fundi.

Hatua ya sita: Kwa walioshindwa ujasiri

Wapo watakaofika hapa na kutetereka. Wao wabadilishe bushi zote na shokapu zilizokufa. Wafunge springi mpya zisizozidi inchi mbili, hosi za breki za kutosha, na vali ya nyuma irekebishwe. Wanunue 235/85R16, tairi refu lakini jembamba, karibu sentimita 81, matano mapya yanayolingana. Wapeleke gari kupimwa alaimenti. Difu itapanda sentimita tatu na ushee, ambazo ni nyingi kuliko zote ilizopandishwa na zile inchi nne za springi, zilizokuwa za kutazamwa tu.

Utaratibu huu una kasoro zake. Fundi hatakushukuru, muuza rimu hatakujua jina, na vijana wa Kenyatta Road hawatakupiga picha. Mama mkwe naye, kwa kuwa sasa anapanda bila kreti, atakuja kila mwisho wa mwezi.