Dume au Jike? Kiulize Kipimajoto

Kwetu binti wa tatu akizaliwa, mawifi humkodolea macho mke kana kwamba aliagiza. Wangekuwa wafugaji wa mijusi, wangekwenda kugombana na mashine ya kutotolea mayai, maana kwa baadhi ya wanyama watambaao joto la yai ndilo huamua jinsia. Tuwahesabu kurudi nyuma, kutoka mpole hadi mkorofi.

6. Chatu. Huyu hana mchezo. Dume ni dume tangu mimba, kromosomu zimeshasema. Anayekuuzia mayai "yaliyopashwa yatoke majike" anakuuzia maneno.

5. Kinyonga wa Yemen. Wafugaji waliapa kwamba joto humgeuza. Wapi! Ana X na Y kama sisi. Rangi abadili atakavyo, jinsia hagusi.

4. Kobe wa maji wa Marekani, yule mwenye alama nyekundu masikioni. Mayai yakikaa nyuzi 26 unapata madume, yakikaa 31 majike. Kinachoamua ni theluthi ya kati ya siku za kuatamia. Umeme ukikatika wakati huo, umebadilishiwa watoto. Binamu yake kasa hana hata mashine, ana mchanga tu. Kaskazini mwa matumbawe makuu ya Australia, watafiti walikuta karibu asilimia 99 ya kasa wachanga ni majike. Bwana harusi huko atatafutwa kwa tochi.

3. Mjusi wa kichwa chekundu, yule anayepiga pushapu ukutani mchana kutwa. Ni kwa mayai yake kwamba Madeleine Charnier, akiwa Dakar, alionyesha mwaka 1966 kuwa joto huamua jinsia. Sifa zote Afrika, na bado tunamrushia mawe.

2. Geko chui, kipenzi cha wafugaji. Nyuzi 26, karibu wote majike. Nyuzi 32 na nusu, wengi madume. Ukidhani umeelewa, panda hadi 34: majike tena! Tena majike hao wa joto ni wagomvi kama madume. Na usijidanganye kuwafungia madume wawili boksi moja, asubuhi utakuta mkia mmoja hauna mwenyewe.

1. Mjusi ndevu wa Australia. Bingwa, kwa sababu kwake jeni na joto vinagombana ndani ya yai lilelile. Kwa kawaida mwenye kromosomu ZZ ni dume, mwenye ZW ni jike. Lakini yai likizidi nyuzi 32, ZZ anaanza kugeuka jike. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kuwapata majike wa ZZ hata porini, na majike hao hutaga mayai mengi kuliko mama wa kawaida. Wakipandwa na dume wa kawaida, hakuna mtoto anayerithi W. Kizazi kimoja tu, na jinsia ya ukoo mzima imekabidhiwa jua. Mpeleke mmoja maabara: cheti kitasoma dume. Rudi naye nyumbani, ametaga.