Faida ya Sekunde Nne

Bondia wa uzito wa juu akishaangushwa, kabla hajakumbuka yuko mji gani, huwa ameshadai marudiano. Tusimcheke: mkataba una kipengele chake, na wino hauna maumivu.

Septemba 1962, jijini Chicago, Sonny Liston alimlaza Floyd Patterson raundi ya kwanza, dakika 2 na sekunde 6. Patterson akatoroka mjini na ndevu za bandia. Mwenye haya kiasi hicho ungedhani atapumzika. Wapi! Julai 1963 alikuwa Las Vegas, mbele ya Liston yuleyule. Safari hii alidumu dakika 2 na sekunde 10.

Wanaobeza marudiano ya haraka na wapige hesabu: nyongeza ya sekunde 4 nzima! Kwa mwendo huo, mapambano 13 mengine yangemfikisha salama kwenye kengele ya raundi ya kwanza.

Joe Louis, aliyepigwa na Max Schmeling mwaka 1936, alisubiri miaka 2, kisha akammaliza raundi ya kwanza. Naam, subira huvuta heri; tatizo lake ni kwamba haina promota.