Kurasa za Mwisho Zilikwenda Sokoni

Kitabu kikishafika Kilwa, kusomwa ndiyo kazi yake ndogo kabisa. Karanga zinakingojea. Mikate inakingojea, ile midogo ya mviringo ambayo akina mama huikaanga alfajiri na kukufungia ingali inachuruzika mafuta. Tumbaku ya kusokota inakingojea. Vyoo vya uani navyo vinakingojea, lakini huko tusiingie. Mji wetu uko ukingoni mwa Ziwa Mweru, mamia ya kilomita kutoka Lubumbashi, kwa barabara ambayo masika lori linaweza kukwama mpaka dereva akajulikana kwa jina kijiji kizima. Karatasi iliyostahimili safari hiyo haiachwi ikalie rafu bure.

Ndiyo maana sisi tuliosoma miaka ya 1990 tunajua mianzo ya vitabu vingi sana. Miisho ni habari nyingine. Mama muuza karanga ni mtu mwenye huruma: huchana kuanzia nyuma, maana anajua msomaji bado yuko mbele. Tatizo ni kwamba yeye ana kasi kuliko msomaji.

Ng'ambo ya ziwa ni Zambia, Nchelenge na Kashikishi, Kibemba huku na Kibemba kule, na bidhaa zao zilivuka na mitumbwi kila siku. Sabuni na sukari zilitufikia zimefungwa kwenye magazeti ya Kiingereza. Basi mtoto wa Kilwa alijifunza Kifaransa shuleni kwa fimbo, na Kiingereza sokoni bila malipo. Binamu yangu aliweza kutamka kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba serikali imepandisha bei ya unga, ila ukimuuliza jina lake kwa lugha hiyo hiyo alikimbia.

Shule yetu ilikuwa na kamusi moja ya Larousse, ile yenye kurasa za rangi ya waridi katikati, zilizojaa misemo ya Kilatini. Mlinzi wa usiku aligundua, kabla ya mwanafunzi yeyote, kwamba kurasa hizo zinasokoteka vizuri na zinawaka polepole. Akaanza na Kilatini, nasi hatukulalamika, kwani nani alikuwa anakihitaji? Alipokimaliza akahamia majina ya watu na nchi, akianzia mwisho kama desturi ya mji ilivyo. Siku mwalimu alipotutuma tutafute Zaïre, tulikuta dunia inaishia Vietnam. Nchi yetu ilikuwa imeshavutwa. Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila alipotwaa madaraka na kulifuta jina hilo rasmi, watu walishangilia barabarani, lakini kwa mlinzi wetu hilo halikuwa jambo jipya.

Kitabu kilichotugombanisha kuliko vyote kilikuwa riwaya ya V.Y. Mudimbe, *Entre les eaux*, ya mwaka 1973. Mudimbe tulimhesabu mtu wa kwetu: alizaliwa Likasi mwaka 1941, akafundisha Lubumbashi kabla ya kwenda Marekani na kuwa profesa mkubwa wa kutajwa na maprofesa wengine. Riwaya inamhusu Pierre Landu, padri anayeacha parokia yake na kuingia msituni kuungana na waasi. Nani aliileta Kilwa, sijui. Ilitufikia bila jalada la nyuma na bila sehemu nzima ya mwisho, ikapita nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ikamtafutia padri mwisho wake.

Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, ambaye tayari alikuwa na ndevu tatu na misimamo mingi, alisema Landu atakuwa kamanda. Katekista alisema hapana, mtu aliyewekewa mikono hapotei, atarudi kwa Mungu. Mama muuza mikate, aliyesimuliwa kitabu chote akiwa anakanda unga, aliinua kichwa akasema, "Atatafuta bibi, huyo." Katekista alikasirika akaacha kununua mikate yake karibu wiki nzima, jambo lililomwadhibu yeye mwenyewe.

Miaka mingi baadaye, Lubumbashi, nilikipata kitabu kizima. Nilisoma mwisho nimesimama. Landu anaoa, halafu anaachana na ndoa hiyo na kuingia monasteri. Mama wa mikate alipatia, katekista alipatia, na yaya, msomi wa familia, ndiye aliyekosa. Nilipompigia simu kumpa habari alisema Mudimbe aliharibu.

Kitabu cha hesabu peke yake ndicho kilibaki kizima, na sababu haikuwa heshima. Karatasi yake ilikuwa ngumu, ya kung'aa, haifyonzi mafuta wala haisokoteki. Kilikuwa kimechapishwa zamani, makuta yakiwa bado pesa. Wazee wanakumbuka: mwaka 1967 tuliletewa pesa mpya, zaire, moja ikagawanywa makuta mia, na inasemwa ilikuwa na nguvu ya kukufanya utembee umenyooka. Mama wa kwenye kitabu alikuwa bado anaishi katika miaka hiyo. Alikwenda sokoni na makuta 50, akanunua chumvi, akanunua sabuni, akanunua mafuta ya mawese, na kila mara alirudishiwa chenji. Wakati huo nje ya dirisha ilikuwa 1993. Kulikuwa na noti ya zaire milioni 5 ambayo wachuuzi wengine waliikataa, na Oktoba mwaka huo serikali ikaleta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Sifuri zilikuwa nyingi mpaka tukazijua kuliko tarakimu nyingine.

Mwalimu akasoma swali: "Mama ana makuta 50. Ananunua chumvi ya makuta 12 na sabuni ya makuta 23. Atabaki na nini?"

Mtoto mmoja wa mchuuzi, anayejua soko, akasimama: "Atabaki na haya, Mwalimu."

Alichapwa, ndiyo utaratibu. Halafu mwalimu akatoka nje, na tukamsikia anacheka peke yake chini ya mwembe kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Mwalimu huyo alikuwa mtu mwema na mwenye madeni. Serikali ilikuwa imesahau kumlipa, wazazi ndio waliochanga, na mchango wa Kilwa huja na magamba: leo samaki, kesho mihogo, keshokutwa ahadi. Mshahara usipofika alikopa kwa tata, baba yangu, ambaye alinunua samaki kwa wavuvi, akakausha chisense, dagaa wetu, juani na kupeleka magunia Lubumbashi. Tata aliweka hesabu za wadeni wake kwa uangalifu mkubwa, na kwa kuwa daftari lilikuwa ghali, aliziweka kwenye daftari langu la imla. Mimi nilianzia mbele, yeye akaanzia nyuma. Tulikuwa tumekisia kwamba tungekutana karibu na Noeli.

Kumbe siku moja mwalimu akakusanya madaftari yote kusahihisha.

Lilirudi baada ya siku chache. Mbele nilikuwa na 7 juu ya 10, sikuwa na la kusema. Nyuma ndiko kulikokuwa na kazi. Mwalimu alikuwa amesahihisha orodha ya madeni kwa kalamu nyekundu tangu juu hadi chini: herufi kubwa zilizokosekana, majina ya watu yaliyoandikwa kwa masikio, kikapu kilichokuwa "kikabu" kila mahali. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe, samaki wanne wa aina ya mpale na kikapu cha chisense, aliongeza herufi moja iliyosahaulika katika jina la ukoo, pembeni akaandika *Vu*, yaani nimeona, akatia saini. Chini kabisa akampa tata 4 juu ya 10.

Tata alilishika daftari mbali na uso, kama watu wanavyoshika kitu kilichooza. "Mwenye deni ndiye ananipa pointi?"

Mama akamwambia angalau amekubali deni kwa maandishi, na ameweka saini, kitu ambacho wengine hawajawahi kufanya. Tata hakuwa na jibu la hilo. Jumapili baada ya misa tata na mwalimu walikaa kwenye kibuyu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wakapatana: deni lingelipwa kwa masomo, jioni moja kwa mpale moja. Ndivyo baba yangu alivyorudi shule, kwa sababu ya samaki. Mimi nilikatazwa kusikiliza, nikasikiliza, na naweza kusema alikuwa mwanafunzi mbishi. Kila kanuni ya tahajia aliiuliza ina faida gani.

Deni lilikuwa limekaribia kuisha yaya alipofanya Exetat, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ambao nchi nzima hushikilia roho wakati wa kutangaza majibu. Siku hizo yalisomwa redioni, shule kwa shule, jina na asilimia. Betri zetu zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi, njia inayojulikana ya kuzifufua. Ua ulijaa. Mtangazaji akafika shule yetu, akataja wa kwanza, akataja wa pili, sauti ikawa nzito, ikawa ya mtu aliye chini ya maji, ikazima.

Kimya. Yaya alikuwa amesimama katikati, hajafaulu wala hajafeli.

Nkambo, mama yake tata, ndiye aliyetoa hukumu. "Habari mbaya haikosi betri," alisema. "Angekuwa ameanguka, redio ingemalizia." Hoja hiyo haikupata mpinzani. Poda ikamwagwa, maana kwetu anayefaulu hupakwa poda nyeupe kichwani mpaka mabegani, na yaya akazungushwa mji mzima akiwa mweupe, anatabasamu kwa nusu ya mdomo. Usiku hakuthubutu kuoga, asije akaonekana ana shaka.

Gazeti lenye majibu lilikuja na lori, baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka, likiwa limefunga mikate ya dereva. Jina la yaya lilikuwepo. Asilimia nayo ilikuwepo, sehemu: tarakimu ya kwanza ilikuwa 5, ya pili ilikuwa doa la mafuta. Na kwa kuwa diploma yenyewe katika nchi yetu huja inapojisikia, yaya alikuwa na 59 kwa miaka mingi, na hakuna aliyeweza kumpunguzia.

Mwenye duka alifika jioni hiyo hiyo kudai pesa ya poda, makopo mawili yaliyochukuliwa katika furaha bila kulipwa. Tata akaomba daftari langu, akaligeuza nyuma, akaandika deni polepole, ulimi umetoka pembeni. Mwalimu aliinama juu ya bega lake akasoma. Hakukuwa na kosa hata moja.